Tai Hawakupita Alasiri Ile

Habari ya kifo chake niliipata kwa utingo wa lori la pamba. Aliitaja katikati ya malalamiko juu ya matope ya barabara ya Kahama, kama vile ni shimo jingine tu la kukwepa. "Yule jamaa yako wa kilimani amekufa," alisema. "Yule wa ng'ombe." Nikamwambia jamaa yangu alikuwa wa ndege. "Ndege, ng'ombe, shauri lako, mwalimu. Huku walimwita wa ng'ombe." Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kuwa sibishani na mtu aliyeshika mzigo wangu, kwa hiyo nilinyamaza. Ubishi wangu nauleta hapa, ambako siwezi kuangushiwa sanduku.

Marehemu tulisoma pamoja shule ya misheni, karibu na Shinyanga. Baadaye mimi nikaendelea hadi chuo kikuu, nikajifunza kusema mambo mepesi kwa maneno mazito. Yeye akapata ukarani wa mnadani, miaka ile serikali ilipoamuru mifugo ipunguzwe. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni pa zizi na kuhesabu, na aliyeonekana ana ng'ombe wengi aliambiwa auze, apende asipende. Alihesabu hata zizi la baba mkwe wake. Msimu ulipokwisha, aliacha kazi. Mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu upande wa Geita, mpenda ndege, alikuwa akitafuta mtu wa kukaa kilimani mwezi wa tatu na wa nne, ahesabu tai na vipanga wanaorudi kwao kaskazini baada ya baridi ya huko kupungua. Marehemu aliipokea kazi hiyo kama mtu aliyefunguliwa pingu. "Safari hii," aliniambia, "nahesabu vitu ambavyo hakuna bwana shauri wa serikali anayeweza kuvipeleka mnadani."

Nilikwenda kumtazama wakati wa likizo. Kilima chake ni mgongo mrefu wa mawe, na niliupanda kwa viatu vya ngozi vilivyokuwa fahari yangu. Sehemu ya mwisho niliipanda kwa magoti. Nilimkuta amekaa kati ya mafungu mawili ya kokoto, darubini machoni. Kila ndege aliyepita, alihamisha kokoto moja. Walipita juu mno, wakizunguka katika hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye mawe, na bila darubini mimi sikuona hata nukta. "Huyo ni nani?" niliuliza. "Tai." "Una hakika?" "Kama si tai, tutamwomba radhi akirudi."

Lakini ndege walitoka kusini, na kusini, chini ya kilima, ndiko lilikokuwa lambo la kunyweshea ng'ombe. Wafugaji waliotazama juu hawakuona tai. Walimwona karani wa mnadani ameelekeza darubini kwenye mifugo yao, anahamisha kokoto. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Marehemu aliposikia manung'uniko aligeuka, akakaa ameligeuzia lambo mgongo, awahesabu ndege wakishampita. Ikasemwa kwamba sasa anahesabu kwa kuibia.

Nikiwa bado pale, baba mkwe wake alipanda kilimani. Marehemu aliondoka kwenye jiwe lake, akachutama pembeni, macho chini, kama mkwe anavyopaswa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefikia wangapi?"

"Ni ndege, baba."

"Haya. Tuwaite ndege."

Mzee akaeleza, bila hasira, kwamba wanawe wameshafungasha. Watawahamishia ng'ombe wote porini, magharibi, ambako hakuna karani anayefika. Nilimwona marehemu akishtuka. Pori lile lilikuwa la mbung'o. Ng'ombe wanaoingia humo hukonda na kufa, na mzee alilijua hilo kuliko sisi. Kundi lile ndilo lililowaozesha watoto wake na kuwalisha wajukuu wake, wakiwemo wa marehemu mwenyewe. "Baba, nakuomba," alisema, akimpa darubini kwa mikono miwili. "Tazama mwenyewe. Ukiona ndege, ng'ombe wabaki nyumbani."

"Nikiwaona, watabaki," mzee alisema, akaketi.

Nimesali kwa mambo mengi ya kipuuzi, lakini sijawahi kusali kama nilivyoomba alasiri ile apite tai mmoja, hata mgonjwa. Wingu zito la mvua lilikuwa limefunika jua, mawe yamepoa, na siku kama hiyo ndege hutua mahali wakangoja. Mimi nilianza kumweleza mzee habari za hewa ya moto na hewa ya baridi. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Kumbe leo hawapiti," alisema, "kwa sababu mimi nimekuja." Mkwe habishani na baba. Marehemu alichutama tu, anatazama mbingu tupu. Chini yetu ng'ombe walifika lamboni, wakanywa, wakaondoka. Mzee akamrudishia darubini. "Wabeja, mkwe," alimshukuru kwa Kisukuma. "Nimeona."

Kesho yake jua lilitoka na mbingu ikajaa tai. Kundi la ng'ombe lilikuwa limeondoka alfajiri. Ng'ombe waliorudi kutoka porini hawakutosha kulima shamba moja. Mkewe aliitwa kwao kuomboleza mali ya baba yake, na hakurudi. Marehemu alihamia Kahama, akaishi huko kwa vibarua, na utingo anasema waliomzika walikuwa wapangaji wenzake tu.

Mabwana wanaohesabu nchi hii hushangaa kuwa tunaficha watoto, mifugo na magunia. Tulihesabiwa vichwa, ikaja kodi. Tulihesabiwa vijana, wakapelekwa vitani. Baada ya hapo, nani ataamini kwamba mtu anaweza kutazama bila kutaka kuchukua? Nasi tuliosoma tuna ujinga wetu: tunadhani ukweli ukiwapo, kazi imekwisha. Marehemu alikuwa na ukweli, ila ulikuwa umetua mahali, unangoja jua. Hofu haingoji jua. Hufunga mizigo usiku, huondoka alfajiri na ng'ombe wote, na ukweli ukifika saa nne asubuhi, hata ukiijaza mbingu, hauna tena wa kumwokoa.