Mkalimani wa Jikoni

Meneja wetu Mtaliani alipotutangazia kwamba analeta mwalimu kutoka kwao Ulaya aje kutufundisha kupika, hakuna aliyefurahi. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na hoteli yetu ya Malindi ilikuwa imejaa Wataliani msimu mzima. Tulikuwa wapishi watu wazima, wengine wameshaoza mabinti zao. Tulisimama jikoni na aproni viunoni, meneja akatueleza kwamba kwao mtu haachi kusoma siku anayoanza kazi. Kila baada ya muda hufundishwa upya, darasa lake ni palepale anapofanyia kazi, na mshahara wake haukatwi. Alieleza kwa bashasha kama mtu anayeposa.

Mpishi wetu mkuu alikuwa mzee wa Shela, aliyewapikia Waingereza kabla Wataliani hawajaijua Malindi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Meneja alipotoka, akatugeukia.

"Mtu hakupi elimu na mshahara kwa mkono mmoja," alisema. "Kimoja kati ya hivyo utakuja kukirudisha."

Mimi nilikuwa mpishi wa samaki. Kitaliani nilikiokota Ngomeni, nilikofanya kibarua cha jikoni kwa Wataliani kabla sijaja hotelini. Hakikuwa Kitaliani cha chuoni. Kilikuwa cha kuombana chumvi na kutukanana. Lakini mwalimu hakujua Kiswahili, na Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, basi meneja akaninyooshea kidole: "Wewe utatafsiri." Nilidhani nimepewa heshima.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mfupi, mnene kidogo, na mikono yake ilikuwa na makovu ya moto kuanzia viganja hadi viwiko.

"Hiyo ni mikono ya jikoni," alininong'oneza mwenzangu aliyekuwa mpishi wa mikate. Alikuwa Mgiriama wa Marafa, rafiki yangu kuliko wote pale.

Mzee alimsikia. "Na mpelelezi mzuri huvaa nguo za kazi," akasema.

Siku za mwanzo yule mama hakufundisha lolote. Alisimama nyuma yetu, akitutazama tunavyoshika visu, tunavyofungua friji, tunavyoonja. Akiona jambo alinyamaza, akahamia kwa mwingine. Hapana kitu kinachomsumbua mpishi kama jicho lililo kimya mgongoni mwake. Mzee alianza kupika amempa mgongo, ameinama juu ya sufuria kama anayeficha mtoto. Viungo alivitia mkononi kwanza, akavifumbata, ndipo akavimwaga.

"Anataka ujuzi wangu," aliniambia. "Akishaujua, mimi ni wa nini?"

Kisha mama akaanza kutuhamisha. Mimi nikapelekwa kwenye unga, yule wa Marafa akaletwa kwenye samaki, aliyekuwa akikata matunda akapewa nyama. Alieleza kwamba kwao kila mfanyakazi hujifunza kazi ya jirani yake, ili mmoja akiugua wenziwe wasikwame. Nilitafsiri hivyo hivyo. Wakatazamana.

"Mtu mmoja akijua kazi mbili," akauliza mkata matunda, "wa pili wa nini?"

Mama akaniuliza amesema nini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema maneno marefu, mengine sikuyashika vizuri. Nikawaambia wenzangu, "Anasema si hivyo."

"Amesema maneno kama khutba ya Ijumaa," mzee akanijibu, "wewe unatupa mawili. Mengine umemwekea nani?"

Toka siku hiyo nikawa natazamwa mimi kuliko mwalimu. Nikicheka naye, wananiuliza tumecheka nini. Nikinyamaza, wanauliza mbona nimenyamaza. Nilijaribu kutafsiri kila neno, hata lisilo na maana, na hapo mama naye akashuku. Mimi husema kwa kuzunguka, kama watu wa mji walivyo. Huwezi kumwambia mzee kwamba mchuzi wake umezidi chumvi bila kuanza na salamu na kuuliza hali ya nyumbani. Mama akasikia sentensi yake moja imekuwa tano, akanikazia macho. "Mimi nimesema chumvi tu," akasema.

Siku moja alikuwa akitengeneza mchuzi wa samaki. Akachukua chupa nyeusi, akaimimina ndani mara moja bila kusema. Harufu kali ikapanda. Sote tulikuwa Waislamu isipokuwa yule wa Marafa, na mikono yote ikashuka kutoka mezani.

"Muulize hiyo ni nini," mzee aliniambia.

Nikamuuliza. Akanijibu, nami nikawaambia kwamba ni siki ya zabibu.

"Ni yeye amesema siki, au ni wewe?"

"Yeye, Mzee. Wallahi, yeye."

"Siki na mvinyo mama yao mmoja."

Nilimweleza yule mama kwamba wenzangu wanaogopa ulevi. Alishtuka, uso ukamwiva. Akachukua ile chupa akampelekea mzee mwenyewe, akamimina tone kwenye kijiko, akalinywa mbele yake na kukunja uso kwa ukali wake. Mzee alinusa chupa kwa muda mrefu. Akakubali kwamba ni siki. Lakini toka hapo chupa yoyote iliyofunguliwa jikoni ilipita kwanza puani mwake.

Katika hali hiyo ndipo nilipoyasikia yale ambayo afadhali nisingeyasikia. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, nimekwenda stoo kuchukua unga. Ofisi ya meneja ilipakana na stoo, na dirisha lililo juu ya ukuta lilikuwa wazi. Walikuwemo ndani yeye na mwalimu, wakizungumza Kitaliani cha haraka. Nikamsikia meneja akisema "wasioweza", kisha "majina", kisha "kabla ya mvua". Mama akajibu kwa sauti ya juu, maneno yakikanyagana, nisiambulie hata moja. Halafu mlango ukabamizwa.

Nilirudi jikoni na unga wangu. Nilikuwa na nusu ya habari, na nusu ya habari ni mbaya kuliko kutojua. Nikamwita rafiki yangu wa Marafa pembeni, kwenye mapipa ya samaki, nikamwambia nilichokisikia. Nikamsihi kisitoke kwake. Kabla ya alasiri jikoni nzima ilikuwa inajua.

Kesho yake mama alipoingia kufundisha, hakuna aliyeshika kisu. Wapishi walisimama wamekunja mikono. Akaniangalia mimi. Mzee akasogea mbele. Akafungua aproni yake, akaikunja, akaiweka mezani.

"Mwambie hivi, na usipunguze wala usiongeze. Sisi si watoto. Tunataka kujua umekuja kutufundisha, ama umekuja kutuchuja?"

Nilijikwaa kwenye neno "kuchuja", nikachukua chujio la chai nikamwonyesha. Akaelewa pale pale. Akavuta kigoda, akakaa, akanitazama mimi.

"Nitasema polepole," alisema. "Kipande kwa kipande. Utafsiri vyote."

Akasema kwamba ni kweli, meneja ameomba majina ya wasioweza. Nikatafsiri. Akasema amekataa kuyatoa, na ameapa hatayatoa. Nikatafsiri. Kisha akatueleza habari zake. Huko kwao alikuwa mpishi katika jiko la kiwanda, akiwalisha wafanyakazi. Alipokuwa mtu mzima, ameshaachwa na mume, wakaambiwa wote wasome upya papo hapo jikoni. Siku ya kwanza alijificha chooni akalia, kwa hofu ya kuonekana mjinga. Alikuwa na shoga yake aliyeanza naye kazi, wakasoma bega kwa bega. Masomo yalipokwisha, yeye alipandishwa cheo, na yule shoga yake akaambiwa kazi yake haipo tena.

"Alinilaumu mimi," akasema. "Sikufanya lolote. Lakini sijui hata leo kama yale masomo yalikuwa ya kutufundisha au ya kututenga. Pengine yote mawili. Mimi sitataja mtu. Lakini meneja ana macho, na mimi siwezi kuwaahidi kitu."

Neno hilo la mwisho nililipima kwanza. Nilijua kwamba nikilisema nitalivunja jiko lote, na nikilimeza watajua tu. Nikalisema.

Mzee alimtazama sana yule mama. "Hayo ni maneno ya mtu mkweli," akasema, "ama ya mtu mjanja kupita sote." Kisha akaifungua aproni yake iliyokunjwa, akaivaa. "Hebu atuonyeshe hizo tambi zake. Kilichoingia kichwani hakuna meneja wa kukitoa."

Tukasoma. Siwezi kusema tulimwamini, lakini tulisoma kwa bidii ya watu wenye hofu, na hakuna bidii inayoishinda hiyo. Yule wa Marafa alitupita wote. Vidole vyake vilikuwa na adabu kwa unga. Donge lililonigandia mimi mpaka kwenye kucha, kwake lilikuwa laini kama shavu la mtoto. Mama alipoondoka alimkumbatia mbele ya watu, yule bwana akabaki amesimama mikono chini, hajui aiweke wapi.

Masika yakaja, hoteli ikafungwa kama kila mwaka, tukarudi majumbani kusubiri. Mvua zilipokwisha tukaitwa. Tulipofika langoni, askari alikuwa ameshaambiwa nani aingie. Mzee aliingia. Mimi niliingia. Wapishi watatu walizuiwa, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa Marafa. Nilirudi nje kwake. Nilimkuta amesimama juani na kifurushi chake cha nguo za kazi, zimefuliwa na kupigwa pasi.

"Huenda wamekosea," nilimwambia. "Ngoja nikamwone meneja."

"Uliniambia mimi peke yangu kwamba majina yanatakiwa," alinijibu, wala hakupandisha sauti. "Mimi nikadhani unanionya. Kumbe ulikuwa unaniaga."

Niliapa kwa kila kiapo ninachokijua. Hakubishana nami. Aliondoka zake kuelekea stendi. Meneja nilipomuuliza alisema wageni wamepungua, lakini msimu ule vyumba vilijaa, na samaki wangu na mikate yake nilipika mimi peke yangu.

Nani aliyemtaja? Nimewapitisha wote akilini. Mama wa Kizungu aliapa, lakini aliapa kwa Kitaliani. Mzee hakupenda kuona mtu anasifiwa jikoni mwake. Mkata matunda alipanda cheo haraka mno. Pengine hakutajwa na mtu, na meneja alitumia macho yake tu. Wenzangu nao walinipitisha mimi. Nililiona hilo kwa namna walivyonyamaza nikiingia. Nilivumilia misimu miwili, nikaacha, nikaanza kupika kwenye harusi za mjini.

Baada ya miaka kadhaa nilikwenda Marafa kwa shughuli ya mazishi. Nikaelekezwa kwake kwa swali moja tu, maana kila mtu alijua mikate yake. Alikuwa na kibanda karibu na njia wanayopita wageni wanaokwenda kutazama lile korongo maarufu la Marafa, na tanuri la udongo alilolijenga mwenyewe. Alinikaribisha vizuri. Alinipa kiti, akaniletea mkate wa moto na chai, akaniuliza hali ya nyumbani na ya watoto, mmoja mmoja. Nilikula. Sijala mkate kama ule hotelini wala popote.

Nilipoweka kikombe chini, akakaa mbele yangu.

"Sasa niambie, kaka. Wewe na mimi tu. Ulinitaja?"

"Sikukutaja."

Alinitazama kwa utulivu, bila hasira, kama anayetazama unga kuona kama umeumuka.

"Haya," akasema. Akanimiminia chai nyingine, akaenda kuhudumia wateja waliokuwa wakimsubiri.