Macho ya Injera za Wubalem

Mchumba wangu Wubalem huhesabu kila kitu. Akipanda ngazi anahesabu. Nikimwambia nampenda, anauliza wiki hii ni mara ya ngapi. Hapa Debre Birhan wanaume wenzangu walinionea huruma. Wajinga! Hawakujua raha niliyonayo.

Harusi ilipokaribia, mama zetu wakashikana mashati. Kila mmoja alitaka chachu yake ya injera, mkate wetu mwembamba wenye vitundu, ndiyo iingie nyumba mpya.

"Chachu yangu inatoa macho mpaka injera inakukonyeza!" alitamba mama yangu, Etiye Asegedech.

"Thubutu! Injera zako vipofu watupu," alijibu mama yake Wubalem, Etiye Yeshimebet. "Na chachu yangu isipoingia, harusini msinitafute."

Wubalem, aliyekuwa anamaliza biolojia chuoni bila mada ya utafiti, akaruka kwa furaha. "Kinfe, nimepata mada!"

Kila asubuhi akawa anapika mwenyewe injera mbili, unga uleule, chachu tofauti. Anakata kipande cha ukubwa wa kiganja katikati ya kila moja, anahesabu macho, yaani vile vitundu. Kisha mimi nakula ushahidi. Jamani, nilinenepa!

Mwishowe akachukua wastani wa kila chachu, akalinganisha kwa kipimo cha takwimu cha makundi mawili yasiyohusiana, kana kwamba kila injera ilipikwa siku yake. Jibu likaja: tofauti hiyo huenda ni bahati tu.

"Bahati?" mama wote wawili wakafoka. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana.

Kesho yake Wubalem alitazama ukungu dirishani, akapiga kelele. "Baridi! Kinfe, mimi mpumbavu!"

Siku za baridi chachu zote zilizubaa. Siku za jua zote zilichangamka. Mabadiliko hayo yalifunika tofauti ndogo iliyokuwepo.

"Injera za asubuhi moja ni jozi," alisema. "Natoa macho ya moja kwenye ya nyingine, siku kwa siku, napima hizo tofauti. Nilipaswa kuchagua hivi tangu mwanzo kwa sababu ndivyo nilivyopika, si kwa sababu mama zetu wamenuna."

Akapima upya mbele yetu, sinia la chakula likiwa mezani. Karibu kila siku chachu ya mama yangu ilitangulia. Kama zingekuwa sawa, matokeo hayo yangekuwa nadra mno. Mama akapiga vigelegele. Etiye Yeshimebet akajitanda shuka lake jeupe, akaelekea mlangoni.

"Mama, ngoja," Wubalem alisema. "Kipimo kinasema tofauti ipo, hakisemi ni kubwa. Ni macho matatu kwenye kipande chenye zaidi ya mia. Tena kinahusu chachu tu."

Mama yake akageuka. "Na mkono uliopika?"

"Wangu, zote."

"Uliofundishwa na nani?"

Mama yangu akameza kigelegele. "Na wewe, Yeshimebet."

"Basi leta chachu yako. Mkono unaoingia nyumba hiyo ni wangu."

Mama yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Akamega injera, akachovya mchuzini, akaviringisha tonge la ukubwa wa ngumi, akamsokomeza mwenzake mdomoni, ishara yetu ya upendo.

"La pili hili, dada! Moja ni uchoyo!"

Etiye Yeshimebet, mashavu yamejaa, akavuta kiti akaketi. La tatu alilifungulia mdomo mwenyewe.