Picha Yangu Kwenye Matanga ya Tamthilia

Nimeshawahi kuhudhuria matanga yangu mwenyewe. Nilisimama pembeni, natafuna wali uliokunjwa kwa mwani, naangalia watu wakiniomboleza.

Msinikimbie. Ilikuwa tamthilia.

Mimi ni zimamoto hapa Incheon, Korea Kusini. Mwezi jana walikuja watu wa televisheni kurekodi tamthilia ya zimamoto waliofiwa na mwenzao, wakaomba kikosi chetu tukajaze ukumbi wa matanga siku ya mapumziko. Tulipofika, picha ya marehemu ya kuweka mbele ya waombolezaji haipo. Mwongozaji, mama mmoja anaitwa Ok Mi-ran, akatukagua sura moja moja mpaka akafika kwangu.

"Huyu anafaa."

"Anafaa sana," akadakia Mkuu Pyo, kiongozi wetu. "Ana sura ya marehemu tangu aajiriwe."

Jamaa wakavunjika mbavu. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Ukweli ni kwamba Mkuu nilikuwa simpendi. Nilishaandika barua ya kuhama kikosi, na kesho yake alitakiwa kuisaini.

Sababu ni In-bae, mshkaji wangu wa damu. Miaka miwili nyuma tuliingia wote kwenye ghala linaloungua. Mimi nilizimia kwa moshi, nikazinduka hospitali, nikaambiwa kikosi cha pili ndicho kilichonitoa. In-bae hakutoka.

Siku tatu za matanga yake, Mkuu hakutia mguu ndani. Alikaa mlangoni anapanga viatu vya wageni. Viatu, jamani. Na hakudondosha chozi hata moja.

Nikasema huyu ni kauzu. Siku nikifa mimi, atapanga viatu hivyo hivyo kisha aende zake kula. Sikutaka kufia mikononi mwa mtu wa namna hiyo.

Haya, nikapigwa picha, ikawekwa mbele, utepe mweusi juu, maua meupe kila upande, ubani unafuka. Mwongozaji akamwambia Mkuu, "Wewe ndiye unaongoza. Ingia, piga magoti, inama mpaka chini mara mbili, toka."

"Kwa huyu? Mara moja inamtosha," Mkuu akajibu.

Akavua viatu, akaingia. Mara ya kwanza akainama, akainuka safi kabisa. Mara ya pili akashuka, akabaki huko huko.

Nikajua ananitania. Kisha nikamsikia, sauti ya chini kabisa.

"In-bae, nisamehe. Nimechelewa kuingia."

Nikauweka wali chini.

Mabega yalikuwa yanamtetemeka. Ok Mi-ran akaashiria kamera zizimwe. Nikaenda nikapiga magoti karibu yake. Sikujua niseme nini, nikaropoka, "Mkuu, inuka. Mimi nipo hai."

"Najua upo hai, mjinga wewe. Ni mimi niliyekutoa." Uso wote ulikuwa umelowa. "Mlikuwa wawili, nguvu zangu za mtu mmoja. Nikamvuta aliyekuwa karibu. Ningeingiaje matangani kwake nikamtazama In-bae usoni pichani?"

Kumbe hapakuwa na kikosi cha pili. Aliwakataza wote wasiniambie, ili nisiishi najiuliza kwa nini niliokolewa mimi.

Miaka miwili namnunia mtu aliyenibeba mgongoni. Niliona aibu, nikalia mbele ya picha yangu mwenyewe, watu wa televisheni wakitupatia karatasi za kufutia kamasi.

Barua niliichana jioni ile ile. Tukaenda wote wawili mahali yanapotunzwa majivu ya In-bae, na Mkuu akaingia mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukimwona mtu mkavu msibani, usimalize hesabu yake haraka. Huenda yeye ndiye aliyeumia kuliko wote, ila hana pa kuuweka uso wake.

Halafu tukiwa kwenye gari, Mkuu akajifuta pua, akanionya, "Dogo, ukimsimulia mtu kwamba nililia, utaosha magari ya zimamoto mwezi mzima."

Leo ni wiki ya tatu naosha.