Mwandishi Hawezi Kazi Bila Hii

Jumamosi nilikwenda Biharamulo mjini kwenye mashindano ya kujaza fumbo la maneno. Nilitoka Ngara na penseli mbili, na uhakika wa mtu anayekula kwa kuandika. Jirani yangu mezani alikuwa mama mmoja wa Nyakahura, fundi cherehani, aliyefuta karibu kila herufi kabla ya kuiandika tena. Nilimwonea huruma.

Nikamaliza wa kwanza, nikanyoosha mkono. Msimamizi, mwalimu mstaafu, akaja na miwani puani.

"'Mwandishi hawezi kazi bila hii, herufi sita.' Umejaza nini hapa?"

"Karamu," nikajibu kwa sauti, ukumbi mzima usikie.

"Hiyo huliwa, mheshimiwa. Ya kuandikia ina L."

"Lakini mwalimu, inapishana na gari kubwa la mizigo, nalo linaanza na R. Rori!"

Alizungushia duara jekundu kisanduku kimoja tu, kile ambamo makosa yangu mawili yalikutana na kupatana. Yule mama akashinda.

Mchana tukaandaliwa pilau. Mshindi mwenyewe ndiye aliyenipakulia, akarundika nyama juu, akaninyooshea sahani kwa mikono miwili.

"Haya mwanangu, kalamu yako hii."

Mpaka sasa sijui kama ni ulimi wetu wa huku unaochanganya R na L au alikuwa ananisema. Ila safu hii ya gazeti nimeiandika nikiwa nimeshiba, kwa hiyo jibu langu silifuti.