Thirza Alderson na Neno la Mama Yake

Kwa miaka tisa Thirza Alderson alikamua ng'ombe alfajiri, akagandisha jibini hadi adhuhuri, kisha akanawa mikono na kukaa dirishani na kitabu cha kuazima. Kila alipokutana na neno "set" alilinakili kwenye kikaratasi: neno juu kushoto, chini yake sentensi nzima, jina la kitabu na mwaka. Kulikuwa na mabwana mjini waliokuwa wakitunga kamusi kubwa ya Kiingereza, nao waliomba watu wa kawaida wawasaidie kusoma. Thirza akapewa "set." Aliyempa hakumwonea huruma hata kidogo, maana kitenzi hicho hakina mwisho.

Jua likizama, Waingereza husema "set." Kuku akiwekwa kuatamia, "set." Kutega mtego, kuandaa meza, kuunga mfupa uliovunjika, jibini kuganda, yote ni neno hilohilo. Wasomi wanasema asili yake ni kukalisha, yaani kukifanya kitu kikae. Thirza alikuwa amefikisha maana mia moja na arobaini, na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante.

Maana moja ndiyo iliyomletea ugomvi. Kwao, kwenye mabonde ya Yorkshire, mgeni haachwi mlangoni. Anasindikizwa, na kumsindikiza huko nako ni "set." Mama yake, Bi Tamar, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja na goti bovu, alimfikisha kila mgeni hadi daraja la mawe, mvua inyeshe isinyeshe. Thirza akaliandika neno la mama yake kwenye kikaratasi, akakipeleka kwa Kasisi Lorrimer, aliyekusanya vikaratasi vya bonde zima na kuvituma mjini.

Kasisi alikishika kwa vidole viwili. "Bi Thirza, hii umeitoa kitabu gani?"

"Nimeitoa kwa mama."

"Mama yako hajachapwa kiwandani." Akacheka peke yake. "Sheria ni maandishi yaliyochapwa. Halafu, hebu fikiria, neno lililotokana na kukaa litamtembezaje mtu?"

"Si unatembea naye mpaka umkalishe kwake? Wewe mwenyewe, Kasisi, siku ile ya ukungu mama alikufikisha darajani, umemng'ang'ania kiwiko!"

"Hayo ni maneno ya zizini," akasema Kasisi, akakitupa kikaratasi motoni.

Maneno ya zizini! Siagi ya zizini alikuwa anaipaka kwenye mkate kila asubuhi, na jibini la zizini halikukosekana mezani kwake. Lakini neno la zizini lilimtia kinyaa. Thirza alirudi nyumbani na hasira zake, akamweleza mama yake yote.

"Achana naye, mwanangu," akasema Bi Tamar. "Ukungu ukija tena, aongozwe na kamusi yake."

Mwezi Machi Bi Tamar akafariki. Katika mabonde yale, kila aendaye mazikoni hupewa biskuti iliyofungwa kwa karatasi iliyochapwa, yenye jina la marehemu, tarehe na maneno mawili matatu ya kumuaga, na kuzibwa kwa nta nyeusi; karatasi hiyo watu huitunza kabatini. Mpiga chapa alimwonyesha Thirza beti za dini alizozoea kuchapa. Thirza akazikataa zote, akamwandikia maneno yake.

Baada ya kuzika, watu walijaa jikoni. Kasisi akapokea biskuti yake, akavunja nta, akasoma. Karatasi ilisema kwamba Tamar Alderson aliwasindikiza jirani zake wote hadi darajani, na kwamba leo wao wamsindikize yeye. Na kusindikiza kulikuwa kumeandikwa kwa neno lilelile alilolichoma Kasisi.

Thirza akatoa kikaratasi kipya mfukoni mwa aproni: neno juu kushoto, sentensi nzima, jina la mpiga chapa, mwaka 1884.

"Imechapwa," alisema. "Nakala sitini na nne."

"Bi Thirza, leo ni siku ya msiba."

"Najua. Mama yangu ndiye tuliyemzika."

Kasisi alisoma tena, masikio yamemwiva, kisha akakitia kikaratasi ndani ya kitabu chake cha sala. Akaaga, akafungua mlango. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ukuta wa mawe, na njia haionekani. Akasimama hapo kizingitini, hatoki wala harudi.

Thirza alikuwa bado na hasira naye, na hasira hiyo ilikuwa haki yake. Lakini alivua aproni, akajitanda shali ya mama yake, akamtolea kiwiko. Wakaingia ukunguni.

Walipofika darajani Kasisi alimshukuru kwa kumsindikiza, na neno alilotumia lilikuwa la Bi Tamar.

"Kitume mjini," Thirza akamjibu. "Ukikipoteza, karatasi nyingine ziko kwenye kabati za jirani zangu, na nitazileta mlangoni kwako moja moja."