Ukurasa wa Udongo

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, niliwafundisha vijana wa kwetu Kongo waliokimbia vita, ili waweze kuingia chuo. Mimi si mtu wa hasira. Somo lisipoeleweka, nalieleza kwa njia nyingine. Lakini asubuhi ile ya Lilongwe hadi leo inanichemsha damu.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa wakulima wa Fizi, alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Swali lilihusu mmomonyoko wa udongo. Aliandika ukurasa mzima wa kitabu chetu, neno kwa neno, kutoka kichwani. Huko tulikosoma, hiyo ndiyo heshima: mwalimu anakupa somo, unalishika, unamrudishia bila kupunguza kitu. Anayebadilisha maneno anaonekana hakusikiliza.

Chuo kikamwita, nami nikamsindikiza. Msimamizi wa mitihani aliweka karatasi yake kando ya kitabu, akasema kwa Kiingereza kwamba huo ni wizi, na mwizi hapewi nafasi. Nilimfasiria binti, ingawa alishaelewa.

"Mi sikuiba, mwalimu," akaniambia. "Nilishika tu. Kushika njo kosa?"

Nikamweleza msimamizi polepole, kama darasani, jinsi tulivyosomeshwa. Nikamwomba amwulize lolote kuhusu udongo, papo hapo, bila karatasi. Akatazama saa yake. Kanuni ni kanuni, alisema. Ajaribu mwaka mwingine. Hakumwuliza hata swali moja. Na huyo ndiye anayechagua walimu wa kesho!

Tulitembea mpaka kituo cha mabasi cha Old Town. Wauza mandazi waliniita, nikawapita. Binti ndiye aliyeninunulia maji.

Kesho yake nililiambia darasa lifunge vitabu. Chuoni, nikasema, wanataka kujua kitabu kimesema nini, halafu wewe unasema nini. Akasimama yule binti, macho bado mekundu.

"Kitabu kinasema udongo unashuka kwa sababu bantu banakata miti. Kwetu mlimani miti iko. Udongo ulishuka kwa sababu ya vita. Bantu balikimbia, hakuna mwenye kutengeneza matuta. Kitabu hakikufika kwetu."

"Sema tena," nikamwambia, "kwa sauti, yule wa Lilongwe asikie."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akarudia, na safari hii maneno hayakuwa yale yale.