Upande wa Nyuma wa Shuka

Shuka nyeupe iliyolowa ina mlio wake inapopigwa na upepo kwenye kamba: paa, kimya kidogo, kisha paa tena. Juzi mke wa mwanangu alifua na kuanika uani kwetu hapa Vwawa, nami nilikuwa ndani na wajukuu nikitazama filamu yao mpya. Niseme mapema kwamba mimi ni mpenzi wa filamu, si mtaalamu, na maoni yangu huwa siyasubirishi mpaka niombwe. Hiyo ya juzi ilinichosha. Msichana analia tangu mwanzo hadi mwisho na wanja wake hauchuruziki. Anaamka asubuhi nywele zimeshachanwa. Jambazi anamimina risasi chumba kizima, shujaa hapati hata mchubuko. Nilikuwa nayasema hayo kwa sauti, wajukuu wakinisihi ninyamaze, ndipo upepo ukaipiga ile shuka uani, nikanyamaza mwenyewe. Watoto waligeuka kunitazama, wakadhani naumwa.

Siumwi. Ule ndio mlio wa sinema ya kwanza maishani mwangu, na nikiusikia narudi utotoni Itaka bila kuaga mtu.

Enzi hizo za Mwingereza tuliishi wote kwenye boma moja lililozungukwa na mibuni: Babu aliyemzaa baba yangu, Bibi, wazazi wangu na sisi watoto. Kiangazi, barabara ikipitika, lilikuja gari la sinema la serikali. Lilikuwa na injini ya umeme iliyonuka petroli na kipaza sauti juu ya paa. Mwenye gari alikuwa bwana mmoja wa pwani aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi, nasi tulimwita Bwana Sinema. Alitundika shuka yake kwenye ukuta wa ghala la kahawa, jua likizama akawasha mashine. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Ni yeye aliyezisemea kwenye kipaza sauti, na kwa kuwa vumbi la njiani lilikuwa limempa mafua, watu wote wa kwenye picha, wazungu kwa weusi, walikuwa na mafua.

Babu hakukosa hata onyesho moja, na hakuna picha iliyompendeza. Ile ya bandarini aliikataa kwa sababu maji yalikuwa mengi mno na hakuona anayeyanywa. Katika ile ya kilimo cha jembe la ng'ombe alimsifu ng'ombe wa kulia na kumlaani wa kushoto kwa uvivu, na kwa juma zima wageni waliokuja kutusalimu walisikia habari za ng'ombe yule kabla hawajaulizwa habari za kwao. Ile ya kuchimba choo aliondoka katikati. Alisema mchimbaji alishika sururu kama anayemuogopa mkewe. Watu walimngoja atoe hukumu yake ndipo nao wajue kama wamefurahi.

Mama hakuwa akienda.

Kwetu wakati ule mwanamke hakutazamana na baba wa mumewe. Haikuwa chuki wala ugomvi. Ilikuwa heshima, na hao wawili waliitunza kwa bidii kubwa. Mama alikuwa na njia yake ya kwenda kisimani na Babu alikuwa na yake. Ikitokea wakakaribia kukutana, Mama aliingia kwenye mibuni, akachuchumaa na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Babu naye alikuwa na kikohozi cha njiani, kikubwa, alichokianza mbali kabisa ili kutoa taarifa, ingawa kifua chake kilikuwa kizima kuliko cha kijana. Hata kanisani Mama alijipenyeza nyuma ya kina mama wanene. Kutukaripia alitukaripia kwa kunong'ona kama Babu yupo karibu, na karipio la kunong'ona, nawaambieni, linaogopesha zaidi. Alikuwa ameishi kwenye boma lile tangu kabla sijazaliwa, na Babu hakuwa amewahi kuisikia sauti yake sawasawa.

Sasa mahali ambapo kijiji kizima kimekaa chini kikitazama ukuta mmoja, Babu akiwa mstari wa mbele, Mama angekaa wapi? Yeye na wanawake wenzake wa jirani, walioolewa na wana wa wazee waliokaa pale mbele, walibaki nyumbani. Walisikia kipaza sauti kikikoroma kwa mbali na watu wakicheka.

Nikirudi, nilimkuta yuko macho jikoni. Hakuniuliza picha ilihusu nini. Aliuliza, "Pale mlipocheka wote kwa pamoja, kabla mbwa hawajaanza kubweka, mlikuwa mmeona nini?" Alikuwa amevihifadhi vicheko vyetu kimoja kimoja, naye alitaka nimpe picha ya kila kimoja. Nilijitahidi. Nilianguka kama yule aliyeanguka kutoka kwa punda, nikatembea kama yule bwana mwenye fimbo. Mama alitabasamu ili nisivunjike moyo. Lakini alikuwa na kicheko chake halisi, nilikijua, kilichoanzia chini tumboni na kupanda kwa kwikwi mpaka anashika ukuta, na mimi sikuwahi kukitoa kwa kusimulia sinema. Hilo liliniuma sana, maana nilijiona msimuliaji hodari.

Kiangazi kilichofuata magunia ya kahawa yalikuwa yamepangwa nje ya ghala mpaka usawa wa paa yakingoja lori, ukuta hauonekani. Bwana Sinema akafunga shuka yake kwenye goli la uwanja wa shule. Nilichelewa kwa sababu ya kumbeba mdogo wangu mgongoni, nikakuta mbele kumejaa wanaume warefu. Nikazunguka uwanja nitafute upenyo, na huko nyuma ya goli, mahali pasipo na mtu, nikainua macho nikaona picha yote. Ilikuwa imepenya shuka. Watu walikuwa wale wale, farasi wale wale, ila wote walikuwa wamegeuka, wa kushoto yuko kulia, na kila mtu anakula kwa mkono wa kushoto bila aibu. Nilikaa pale kwenye nyasi mpaka mwisho, malkia peke yangu.

Usiku ule nilimweleza Mama. Aliuzima moto kwanza. Halafu akauliza swali moja tu. "Huko nyuma, chini kuna nyasi au kuna matope?"

Nikajua anataka. Kesho yake nilimwendea Bibi, kwa kuwa maneno ya kwenda kwa Babu yalipitia kwake, nikamwambia kwamba shuka ikitundikwa wazi, watu wanaweza kuwa pande mbili wasionane. Bibi aliendelea kupeta mahindi. Alisema amesikia, basi. Nilingoja mwaka mzima, na kila nilipomtazama usoni alinipa kazi ya kufanya.

Gari liliporudi, habari ilikuwa imeshatembea kwa kina mama wote. Siku hiyo walipika mapema. Jua likiteremka waliteremka nao, kundi zima, mikeka kichwani na kanga zimefunika nyuso, wakajibanza kwenye mibuni nyuma ya uwanja. Mama alikuwa amevaa ile kanga ya Krismasi. Nilipoona hivyo nikafurahi, kisha nikatazama uwanjani, furaha ikaniishia. Goli lilikuwa limeliwa na mchwa na kuanguka. Bwana Sinema alikuwa anavuta shuka yake kuelekea ukuta wa ghala.

Nilisimama katikati ya uwanja mikono kichwani. Kama picha ingekwenda ukutani, Mama angerudi nyumbani na kanga yake ya Krismasi akasikilize vicheko.

Ndipo Babu aliposimama. Alianza kwa kusema kwamba ukuta ule una matuta. Akasema mwaka wa bandari yule mzungu mkubwa aliota uvimbe shingoni kwa sababu ya ukuta ule, na yeye hakuja kutazama wagonjwa. Watu wakacheka. Bwana Sinema, kwa heshima, akaeleza kwamba kuna upepo na hakuna mahali pengine pa kufungia.

"Nguzo zipo," Babu akasema. "Na wa kuzishika wapo vijana. Picha haiwekwi ukutani kama chokaa, bwana. Inataka hewa."

Kweli, zilikuwepo nguzo mbili ndefu zimelala kwenye nyasi pembeni. Sikujiuliza zimetoka wapi. Bwana Sinema alibisha kidogo, akakumbuka kwamba Babu akiondoka uwanja mzima utaondoka naye, akakubali. Baba yangu alishika nguzo moja, kaka wa jirani akashika ya pili, shuka ikavutwa katikati, ikapigwa na upepo: paa, kimya, paa. Kwa kuwa walisimama ubavuni mwa shuka, Baba na mwenzake ndio watu pekee katika kijiji chetu ambao jioni ile hawakuona chochote. Baba hakulalamika.

Kina mama walitoka kwenye mibuni mmoja mmoja, wakatandika mikeka. Niliketi kati ya magoti ya Mama.

Picha yenyewe ilikuwa ya sabuni. Nilisikia Babu akiguna upande wa pili, akisema serikali imechoma petroli kutoka huko iliko kuja kutuambia tuoge. Mwanamke alikuwa anamwogesha mtoto kwenye karai. Mtoto amejaa povu mpaka masikioni. Mara akateleza mikononi, akachomoka, uchi wa mnyama, akakimbia katikati ya soko huku mama yake anamfukuza na kata mkononi. Kila aliyejaribu kumdaka, mtoto alimponyoka kwa ile sabuni, na mdakaji akabaki na povu. Polisi naye akajaribu. Polisi akakaa chini.

Nilisikia magoti ya Mama yanatetemeka. Nikageuka. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, macho yanamtoka machozi, anajizuia kwa nguvu zote. Halafu kikamshinda. Kilitoka chini tumboni, kikapanda kwa kwikwi, kikavuka shuka. Kina mama wengine waliokuwa wamejibana wakaachia wote, mikeka ikawa inasogea. Upande wa wanaume wakanyamaza kabisa, hata kipaza sauti kikanyamaza, maana Bwana Sinema hakujua kama nyuma ya picha yake kuna watu.

Niliogopa. Nililala kifudifudi nikachungulia chini ya shuka nione Babu amekasirika kiasi gani. Mwanga ulikuwa unampiga usoni. Hakuwa anatazama picha. Alikuwa ameinamisha kichwa na kuweka kiganja nyuma ya sikio, na nikadhani anajaribu kumsikia Bwana Sinema na mafua yake. Kisha na yeye akaanza kucheka, taratibu, mabega yakipanda na kushuka, na uwanja mzima ukamfuata. Watu walicheka pande zote mbili za shuka mpaka mtoto wa kwenye picha akakamatwa na kuogeshwa upya.

Ilipokwisha, Babu alikohoa kikohozi chake cha njiani, kirefu kuliko siku zote, wala hakuinuka mpaka kina mama walipokwisha kukunja mikeka na kupotea kwenye mibuni. Mama alitembea mbele yangu ameshika viatu mkononi. Alikuwa anaimba.

Asubuhi ubishi ukazuka. Bibi, aliyekaa mbele, alisema mtoto alikimbilia kulia, penye migomba. Mama alishikilia kwamba alikimbilia kushoto. Babu alikuwa nje anaota jua, akaniita akanituma jikoni nikamwambie anayebisha kwamba migomba ilikuwa kulia. Nilikuwa sijawahi kubeba ujumbe wa namna hiyo. Mama alinyanyuka, akafikiri, akanijibu: "Kamwambie Babu kwamba huko kwetu nyuma tuliona vizuri zaidi, kwa sababu hatukuzibwa na kofia za wazee." Nilirudisha jibu neno kwa neno. Babu alitikisa kichwa, akasema hoja hiyo ina uzito.

Tangu hapo, kwa miaka yote iliyobaki, hao wawili walibishana kuhusu sinema kwa kunituma mimi. Niliwabebea maoni kutoka uani kwenda jikoni mpaka nikawa na yangu, na ndiyo haya yanayowachosha wajukuu. Gari liliendelea kuja, na shuka haikutundikwa ukutani tena.

Babu alipozeeka sana nilimuuliza, kati ya picha zote alizoziona, ipi ilikuwa bora. Nilitegemea ng'ombe wa kulia. Akajibu bila kufikiri kwamba ni ile ya sabuni. Nikamkumbusha kwamba aliguna. Akasema, "Ilikuwa na sauti nzuri." Nikacheka moyoni, nikaona uzee umemchanganya, maana picha zile zote zilikuwa bubu.

Mzee alikuwa ameshafariki, nami nina watoto wangu, siku Baba aliponieleza habari za nguzo. Tulikuwa tunajenga kibanda cha kuku, akaniambia mti ule ni mgumu kukata, aliwahi kuukata zamani Babu alipomtuma akate nguzo mbili, kabla gari la sinema halijafika, akamwambia azilaze uwanjani na asimwambie mtu. Niliweka nyundo chini. Kumbe ukuta haukuwa na matuta. Mzee hakuweza kutamka mbele za watu kwamba anamwombea nafasi mke wa mwanawe, hata kumtaja isingekuwa adabu, basi akaukosoa ukuta. Na kiganja kile nyuma ya sikio nikakielewa palepale. Mtu alikuwa ameishi na binti huyo boma moja miaka yote, akila ugali aliousonga, na ndiyo kwanza anamsikia akicheka.

Juzi filamu ya wajukuu ilipoisha waliniuliza nimeionaje. Mke wa mwanangu alikuwa ameingia na beseni, amekaa mkono wa kiti changu, anacheka jambo fulani na watoto, kicheko kikubwa kisichojificha. Niliinamisha kichwa nikasikiliza. Nikawaambia ina sauti nzuri.